Simu yako moja na watoto sabini: jibu kwa mwalimu mtarajiwa anaekwenda Micheweni

Kaniandikia binti mmoja, yuko mwaka wa tatu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anasomea ualimu wa Baiolojia na Kemia, mtoto wa mjini Unguja, na semista ijayo anavuka kwenda Pemba kwa mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya huko wilaya ya Micheweni. Barua yake ndefu nimeifupisha: "Shikamoo mwalimu. Hapa tunasomeshwa TEHAMA katika elimu, mabodi ya kisasa, projekta, masomo ya mtandaoni, lakini wenzangu waliotangulia wanasema huko darasa lina watoto sabini na umeme wa kubahatisha. Halafu wanafunzi wenyewe simu za nyumbani wanazishika na ChatGPT wanaiuliza kila kitu. Na mimi nakiri, asaimenti nyingi nafanya hivohivo, na usiku silali kwa simu. Nitamkatazaje mtoto kitu ninachofanya mwenyewe? Hii teknolojia niichukue au niiache? Na bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likiingia ninunue projekta ndogo au laptop?"

Marahaba mwanangu. Kwanza ahsante kwa ile sehemu ya asaimenti, kwasababu wengi wanaoniandikia huanza kwa kuwalalamikia wanafunzi na nafsi zao wakaziwacha nje ya mlango, weye umejiweka ndani toka mwanzo na mie nimefurahi sana. Nimefundisha Baiolojia miaka 19, 11 ya mwisho katika hiyohiyo Pemba unayokwenda, saivi nasaidia walimu wapya kwenye kituo cha walimu, kwa hivo nakujibu kwa niliyoyaona darasani na machache niliyoyasoma. Nitakuwa na maneno mengi, nivumilie, hichi kitu kinanikaa rohoni.

Nataka tuanzie mbali kidogo, tuanzie chuoni, na nikisema chuoni nakusudia chuo cha Kurani sio chuo kikuu chenu huko Tunguu. Ulikwenda ulipokuwa mdogo kama tulivokwenda sote. Sasa kumbuka ilivokuwa, maalim kakaa kitako, watoto arubaini kwenye mikeka, kila mmoja anasoma pake kwa sauti yake, mtu akipita njiani anaweza kudhani ni soko, lakini siku hiyo kila mtoto lazima afike mbele ya maalim, au mbele ya mwanafunzi mkubwa aliekwishamtangulia, asome aya zake, asikilizwe, na akikosea herufi anarudishwa palepale. Ubao wa mbao, wino, kalamu ya mwanzi, ndo vifaa vyote hivo wazee wetu walivokuwa navyo, na mtoto haondoki hajasikilizwa. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri, bakora tumezila na sitaki zirudi. Lakini mchukue mtoto yuleyule wa chuoni umtizame skuli asubuhi yake, darasa la sabini, vipindi vinafuatana, mwalimu anaeleza yeye anakopi, mwingine anaingia anaeleza yeye anakopi, na muhula unaweza kwisha hajatoa sentensi tatu za kwake mwenyewe mbele ya mwalimu yoyote. Hakuna anaejua ndani ya kile kichwa mna nini mpaka mtihani wa kidato cha pili, na wakati huo tushachelewa.

Ndo maana lile swali lako la niichukue au niiache silijibu kwa ndio wala hapana. Kifaa chochote kikija mbele yako, iwe projekta, simu, kishikwambi au hiyo akili mnemba kama ChatGPT, kiulize jambo moja tu, je hichi kitanifanya niwasikie watoto zaidi au kitanifanya niseme zaidi mie? Kama ni cha kusema zaidi basi sisi walimu kusema hatujapungukiwa.

Nakupa mifano maana haya sikuyatoa hewani. Hapa kwetu tulikuwa na televisheni ya rangi toka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa bara televisheni wameanza kuiona 1994, hebu fikiria ni miaka mingapi tulitangulia. Elimu yetu iliruka mbele ya ya bara miaka ishirini kwasababu hiyo? Haikuruka, kwasababu sanduku linasema tu, halimsikii mtoto. Wenzetu wa Peru walinunua malaptop madogo ya watoto kwa mamia ya maelfu, ule mradi wa laptop moja kwa kila mtoto uliovuma sana miaka ile, halafu wachunguzi walipokwenda kupima matokeo yakatoka 2012, hesabu hakuna tofauti, lugha hakuna tofauti. Watoto walijua kutumia laptop vizuri, hilo ndo walilolipata.

Sasa tizama upande wa pili. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na vipindi vya redio hapa Zanzibar kwa watoto wadogo wa vijijini ambako skuli za maandalizi hazijafika, Tucheze Tujifunze, watu wakiita TUTU. Redio ni kitu cha zamani kuliko televisheni, lakini watu wale walifanya jambo moja la akili sana. Redio inauliza swali kisha inanyamaza. Inanyamaza kwa makusudi ili watoto wajibu, waimbe, wainuke, wahesabu vijiti, mama wa kijiji anaewasimamia awasikie, ndo inaendelea. Wallahi mie nikifikiria teknolojia nzuri ya elimu iliyowahi kufika visiwani naifikiria redio ile inayojua kunyamaza, kabla ya bodi yoyote ya kisasa.

Kuhusu projekta nitapita haraka. Mie mwenyewe niliwahi kushikwa na homa ya projekta, skuli niliyokuwa tukapata moja kwa msaada na nikafundisha seli na damu kwa picha zinazotembea, watoto wakakodoa macho, mwalimu mkuu akaja kutizama akafurahi. Mwisho wa mada nikawapa jaribio, hali ileile ya mwaka uliopita. Nilichobadilisha ni ubao tu, mie bado nikawa ndo msemaji, na kwavile slaidi zilikuwa tayari nikawa naenda mbio zaidi. Picha ya moyo unavosukuma damu inasaidia, dakika tatu zake zinatosha, kisha uzime uulize. Hayo tu.

Hili linalofuata ndo nataka ulishike, maana ndo lililonibadilisha mie. Nilianza kwa bahati tu. Nilikuwa na kidato cha pili, 70 kamili, tumemaliza usanisinuru, yaani mmea unavojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, madaftari yao mazuri, ile equation imeandikwa na kila mtu, kila mtu anaikariri kwa Kiingereza. Mtoto mmoja alikuwa anaumwa hakuja, rafiki yake akaniomba nimrekodie somo kwa simu ampelekee. Nikamwambia rekodi weye, mueleze mwenzio kwa Kiswahili chenu, dakika moja. Akachukua simu yangu akasogea chini ya muembe akarekodi. Usiku nikaisikiliza kabla ya kuituma. Yule mtoto, na ni mtoto wa tatu darasani, anamueleza mwenzake kwa uhakika kabisa kwamba mti unakula udongo kwa mizizi, jua kazi yake kuukausha chakula kiwive. Kwenye daftari equation iko sahihi! Nilikaa kitandani nikajiuliza wangapi wanafikiri hivi, na nimefundisha miaka mingapi sijasikia.

Kesho yake nikaanza utaratibu. Kila siku watoto watano, baada ya kipindi, mmoja mmoja, dakika moja kila mtu, anasogea barazani na simu yangu anajibu swali moja kwa lugha anayotaka. Watano kwa siku, sabini wanakwisha kwa siku 14 za skuli, yaani wiki tatu kasoro. Sauti ya dakika moja hailiki nafasi kubwa kwenye simu, haihitaji intaneti, haihitaji umeme wa skuli, simu ya bei ndogo inafanya. Nasikiliza kwenye gari nikirudi nyumbani au usiku nikishapika. Na nilichokisikia ndo kikawa mpango wangu wa somo. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wanaamini mti unakula udongo, kwa hivo nikarudi na kisa cha yule Mbelgiji wa zamani, van Helmont, kilichochapishwa 1648, alipanda mti mdogo wa kilo 2 na kitu kwenye pipa la udongo alioupima, akawa anautilia maji tu miaka 5, mti ukafika kama kilo 77 na udongo ukapungua gramu 60 hazifiki. Nikawauliza basi hizo kilo zimetoka wapi, nikanyamaza. Darasa lilichemka. Yeye mwenyewe van Helmont alifikiri ni maji tu, hakujua kwamba mti unachukua na hewa, na watoto walipojua kwamba mtu mkubwa kama yule nae alikosea nusu wakawa hawaoni haya tena kusema wanavofikiri. Mwisho wakafika wenyewe kwenye hewa ukaa. Kwa yale makarafuu yanayotuzunguka pale Pemba, kumwambia mtoto kwamba mkarafuu mzima ule, ukitoa maji yaliyomo, sehemu kubwa umetoka hewani, wacha macho yanayokuangalia.

Kwako weye kuna faida nyengine. Mtoto wa mjini, lafudhi ya Micheweni na Tumbe mwanzo itakupita, wataongea utasema ndio na hujafahamu. Rekodi unairudia mara tatu mpaka ufahamu. Na waachie waseme kwa Kiswahili chao. Kiingereza cha mtihani watakifanyia kazi, lakini mtoto akiwa na lugha mbili za kuhangaika nazo kwa wakati mmoja, utasikia anavohangaika na lugha, fikra zake hutozisikia.

Masharti yake, na hapa nakuwa mkali. Muombe ruhusa mwalimu mkuu kabla hujaanza, waeleze na watoto kwanini unarekodi, asietaka asilazimishwe, aje akueleze kwa mdomo. Rekodi haitumwi popote, haiendi kwenye grupu, haiwi ya kuchekesha walimu wenzio chumba cha walimu. Ukishaandika ulichokisikia, futa. Sauti ya mtoto ni amana. Na kwenye hili hili la simu, usiwe na mazungumzo ya peke yenu na mwanafunzi kwenye WhatsApp, awe wa kike awe wa kiume, hata akikuuliza swali la somo saa tatu usiku. Mjibu darasani mbele ya wenzake au kwenye grupu ambalo mzazi na mwalimu mwengine wamo. Tuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, nenda kaisome kabla hujavuka, isome mwenyewe usisubiri kusimuliwa. Nimeona walimu wazuri, vijana, nia safi kabisa, wameingia kwenye maneno kwa meseji za usiku tu. Na matokeo ya mitihani yenye majina usiyapige picha ukayarusha kwenye grupu la wazazi, mtoto wa mwisho nae ana mama anaesoma lile grupu na majirani zake.

Umesema wanafunzi wenyewe simu wanazishika. Wengine, sio wote, na hapa walimu wa mjini tunapotelea. Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa korona na vipindi vya masomo vikapelekwa redioni na kwenye televisheni, mie nikajiona nimeendelea nikafungua grupu la WhatsApp la darasa. Watoto 68. Namba nilizopata 23. Katika hizo 23 nyingi ni za baba, na baba yuko dago, kambi ya wavuvi, simu iko baharini nae, akirudi baada ya wiki mbili meseji zangu mia zinaingia kwa mpigo. Waliokuwa wananijibu kila siku walikuwa 6, na ni walewale ambao hata bila ya mie wangefaulu. Kwa hivo kazi ya nyumbani yoyote inayohitaji intaneti ijue kwamba umeigawa darasa, umewapa waliokuwa nacho. Kama ni lazima, wagawe makundi kwa mitaa, kila kundi lenye simu moja walau, na kazi yenyewe iwe ya kufanya kwa pamoja, na alieshika simu asiwe ndo alieshika jibu.

Umeme. Pemba toka 2010 inapata umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kabla ya hapo yalikuwa majenereta ya dizeli pale Wesha, waulize wazee watakusimulia. Kwa hivo umeme upo, ila huo wa kufika mpaka darasani na tukuza, umeme wa kulipia kabla, isiwe imekwisha ndo habari nyengine. Usihofu. Mie nilikuwa nafundisha Unguja ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na kufundisha tulifundisha. Panga kila somo liweze kusimama bila umeme, halafu umeme ukiwepo iwe nyongeza. Simu yako itie vitu vya kutumia bila mtandao ukiwa bado mjini. Kuna programu inaitwa Kiwix, inashusha Wikipedia nzima kwenye memori kadi, ya Kiswahili ni ndogo kabisa inaingia bila tabu. Kuna majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, mambo ya saketi, gesi, asidi, mtoto anabadilisha kitu anaona kinachotokea, unayapakua kwenye kompyuta yanafanya kazi bila intaneti, na baadhi yamefasiriwa Kiswahili. Weye wa Kemia hayo yatakufaa khasa kama maabara haina kemikali. Kama skuli ina vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivogaiwa walimu, ulizia, mara nyengine viko kabatini, kimoja kwa watoto sita na swali moja la kubishania kinatosha kabisa.

Sasa akili mnemba, na hapa tuanze na nafsi yako kama ulivoanza.

Mwanangu, ile asaimenti uliyoipesti, nani kasikilizwa? Lekchara kaisoma, kaandika maoni yake, kapoteza dakika ishirini kumsahihisha mtu ambae hayupo. Weye na fikra zako mmekaa nje. Sisemi kukutia hatia, nasema kwasababu miezi michache ijayo mtoto atanyanyua mkono Micheweni atakuuliza kwanini samaki akitolewa majini anakufa na hali hewani oksijeni ni nyingi kuliko majini, na hapo bando halitokusaidia, utakuwa umesimama na kichwa chako tu. Kulifanyika jaribio moja Marekani 2006, Roediger na Karpicke, wanafunzi wa chuo kikuu walipewa maandishi wayasome. Kundi moja likasoma mara nne. Jengine likasoma mara moja tu, mara tatu zilizobaki wakafunga karatasi wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele, na hao ndo wanaojiona wameelewa. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojikumbusha walikuwa na asilimia 61, waliorudia kusoma 40. Yaani kule kuhangaika, kile kichwa kuuma kutafuta jambo ulilosahau, ndo kusoma kwenyewe. Na hicho ndo ChatGPT inachokuondolea unapoiambia niandikie.

Igeuze. Andika kwanza kwa mkono, ukurasa mmoja, hata ukiwa mbovu. Kisha iambie, mie ni mwalimu mwanafunzi, niulize maswali kumi juu ya mada hii moja moja na usinipe jibu mpaka nijibu mie. Hapo unaifanya kama ile redio, inauliza kisha inanyamaza. Mie naitumia hivo kila wiki na inanifaa, pia naitumia kutunga maswali ya ziada ya kuchagua, inaniokolea saa nzima, na saa hiyo naitumia kusikiliza rekodi. Lakini kila inachokisema kihakikishe. Toka ilipotoka Novemba 2022 mie nimeshaletewa asaimenti tatu zenye vitabu ambavyo havipo duniani, jina la mwandishi lipo, mwaka upo, mpaka kurasa zipo, kitabu hakuna. Haisemi uongo kwa makusudi, inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na maneno yanaweza kufuatana vizuri sana na yasiwe kweli. Siku moja niliiuliza habari za ukulima wa mwani wa Pemba, ikanipa Kiswahili kizuri mno na ndani yake kijiji ambacho sijapata kukisikia mie wala mtu yoyote niliemuuliza.

Kwa wanafunzi wako vilevile. Usipoteze muda kuwinda nani kaandikiwa. Zile programu za kukamata usiziamini kabisa, hata wenyewe OpenAI walikuwa na ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwasababu haikuwa sahihi, na uchunguzi wa watu wa Stanford mwaka huohuo ulipitisha insha 91 za watu ambao Kiingereza sio lugha yao kwenye programu saba za aina hiyo, kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na mashine na hali zimeandikwa na watu. Wanafunzi wetu wa Pemba wanaojikongoja na Kiingereza ndo watakaoonewa mwanzo. Mbadala wake ni rahisi, mtoto akileta kazi nzuri muite, mwambie nieleze hapa ulikusudia nini, dakika moja. Alieifanya atakueleza na atafurahi kuulizwa. Asieifanya utamjua na yeye atajijua, bila ya kumuaibisha mbele ya watu. Nitamkatazaje kitu ninachofanya mwenyewe, umeuliza. Wambie ukweli, kwamba nawe umepita huko na umeona ilikupunguza nini. Watoto wanapenda mwalimu anaesema hivo kuliko anaejifanya hajawahi kushika simu.

Na usingizi. Hili nitasema kama mama, najua dahalia zilivo. Bando za usiku ni za bei ndogo, ndo maana nyote mnaamka saa saba za usiku mnapakua, halafu mkishapakua mnasema nitizame kidogo, kidogo inafika alfajiri, na saa mbili asubuhi uko kwenye lekcha macho mekundu. Chagua usiku mmoja wa wiki, wa kuamkia Jumamosi, pakua kila unachokitaka cha wiki nzima, siku nyengine simu ilale chumba chengine au mpe mwenzio. Kichwa kisicholala hakihifadhi, na mwalimu asielala hana subira, na bila subira huwezi kusikiliza watoto watano ukishachoka kwa jua la saa saba.

Bumu. Projekta usinunue. Utaibeba kwenye meli mpaka Mkoani, utaipandisha gari mpaka Micheweni, darasa lina madirisha ya matofali ya matundu mwanga unaingia kila upande, hutoona kitu. Laptop kama huna kabisa na unahitaji kwa masomo yako nunua iliyotumika, lakini sio kwa ajili ya darasani. Nunua pawabenki nzuri, memori kadi ya GB 64, spika ndogo ya kuchaji ili darasa zima lisikie ukiweka sauti, na daftari moja gumu la kurasa nyingi. Hilo daftari ndo kifaa chako kikubwa, kila mtoto mpe ukurasa wake, jina juu, na kila ukimsikiliza andika mstari mmoja, tarehe na alichokisema kwa maneno yake. Baki ya bumu iweke ya nauli na chakula, mwezi wa kwanza ugenini huwa mrefu.

Wiki ya kwanza ukifika usifundishe mbio. Muombe mwalimu mwenyeji ukae nyuma ya darasa siku mbili, uhesabu watoto wangapi wametoa sauti kwa kipindi. Kisha anza na wako watano. Ukishafika watoto kumi niandikie, sauti zao usinitumie, nambie tu walichokisema na weye ulikuwa ukitegemea watasema nini, nami nitakujibu siku hiyohiyo inshaAllah.